Kuhesabu na Kuhesabiwa

Kalenda ya Majilio ni kitabu cha ajabu kidogo. Kina kurasa 24, kila ukurasa umefichwa nyuma ya kidirisha, na sheria yake ni moja tu: huruhusiwi kukisoma kwa mkupuo. Tarehe 1 Desemba unafungua kidirisha cha kwanza, tarehe 2 cha pili, mpaka tarehe 24, mkesha wa Krismasi, unapofungua cha mwisho, ambacho mara nyingi ni kikubwa kuliko vingine. Mwandishi wa riwaya angetamani kuwa na mamlaka kama hayo juu ya msomaji wake. Sisi wasomaji tunaruka kurasa, tunachungulia mwisho, tunaacha kitabu katikati. Kalenda inatuambia: ngoja.

Nimezoea kuhakiki riwaya na ushairi, lakini Desemba mbili za kuishi Leipzig, ninakosoma shahada ya uzamili, zimenifanya niitazame kalenda hii kwa macho yale yale. Imekua haraka. Zamani ilikuwa ya watoto, na ndani mlikuwa na picha au kipande cha chokoleti. Sasa madukani kuna kalenda za chai, za bia, za jibini, za vipodozi, za soksi, za spana na bisibisi, hata za mbwa, zenye biskuti za mbwa. Zinaanza kupangwa kwenye rafu kabla miti haijamaliza kupukutisha majani. Wanunuzi ninaowaona ni watu wazima wa umri wangu, na wengi wanajinunulia wenyewe.

Wenzangu wa Dar es Salaam na Nairobi nao wana mambo yao: pajama za kufanana kwa ajili ya picha ya familia, mti uliopambwa kwa rangi moja tu, filamu ile ile kila mkesha wa Krismasi, chakula cha marafiki kabla watu hawajasambaa kwenda kwao. Kila mtu anajitungia sikukuu. Sina shida na hilo. Swali langu ni lile ambalo mhakiki huuliza kila utanzu: unamfanyia nini anayeusoma, na ukiisha unamwacha wapi?

Tuanze na historia, maana utanzu huu ni mchanga kuliko unavyojionyesha. Katika karne ya 19 familia za Kiprotestanti za Ujerumani zilikuwa na namna zao za kuhesabu siku za Majilio. Wengine walichora mistari ya chaki mlangoni na watoto wakafuta mmoja kila siku. Wengine walitundika picha ukutani, moja baada ya nyingine. Mwaka 1839 mwanateolojia Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini katika nyumba iitwayo Rauhes Haus mjini Hamburg, alitundika gurudumu la mbao lenye mishumaa: minne mikubwa ya Jumapili, na midogo ya siku za katikati. Inasimuliwa kwamba watoto walikuwa wakimuuliza kila siku Krismasi itafika lini. Gurudumu lilikuwa jibu lake.

Kalenda ya kuchapwa ilikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, na jina linalotajwa zaidi ni la Gerhard Lang, mchapaji wa Munich aliyezaliwa Maulbronn mwaka 1881. Alipokuwa mtoto, mama yake alimshonea biskuti 24 kwenye kadibodi, naye akaruhusiwa kula moja kwa siku. Alipokuwa mtu mzima akaigeuza kadibodi ile kuwa biashara: karatasi moja yenye picha za kukata, nyingine yenye nafasi za kuzibandika, kila picha na siku yake. Vidirisha vya kufungua vilifuata baadaye.

Biashara ya Lang haikufika mwisho wa vita. Chama cha Nazi kilitoa kalenda yake chenyewe ya siku za kabla ya Krismasi, ambamo alama za chama na mambo ya vita yalichukua nafasi ya hori la Bethlehemu. Vita vilipokwisha, mwaka 1946, Richard Sellmer wa Stuttgart alichapisha kalenda yenye picha ya mji mdogo, na kutoka hapo utamaduni ukaanza kusambaa upya, hadi ng'ambo. Uingereza, kampuni ya Cadbury ilitoa kalenda yake ya kwanza ya chokoleti mwaka 1971.

Ukiitazama historia hiyo kwa haraka utaona maendeleo ya kiwanda. Mimi ninaona ugomvi. Mtoto anayengoja ni mtu aliye tayari kupokea chochote, na kila mwenye nguvu amejua hivyo. Mama aliweka biskuti, mwanateolojia akaweka mshumaa, chama kikaweka alama zake, duka likaweka bidhaa. Wote walikuwa wakigombea kitu kimoja: nafasi iliyo kati ya leo na siku inayosubiriwa.

Hata namba 24 ina hadithi yake. Majilio ya kanisa hayana siku 24. Yanaanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, kwa hiyo kuna mwaka yanakuwa na siku 22 na kuna mwaka yanafika 28. Gurudumu la Wichern lilipaswa kubadilika kila mwaka. Kalenda ya dukani haiwezi kuhangaika hivyo. Inaanza tarehe 1 na kuishia tarehe 24, ili ya mwaka huu na ya mwaka ujao zitoke kwenye kiolezo kimoja. Huo ni uamuzi mdogo, lakini umeihamisha saa kutoka madhabahuni na kuipeleka kiwandani, na hakuna aliyelalamika.

Kalenda bora zaidi ya Majilio niliyokutana nayo katika fasihi haina kitu ndani. Imo katika Buddenbrooks, riwaya ya Thomas Mann ya mwaka 1901, inayohusu familia ya wafanyabiashara inayoporomoka kizazi baada ya kizazi. Hanno mdogo, wa mwisho katika ukoo huo, anafuatilia ujio wa Krismasi kwa kalenda ya kuchana aliyotengenezewa na Ida, mlezi wake. Karatasi ya mwisho ina mchoro wa mti wa Krismasi. Basi. Hakuna chokoleti wala zawadi. Mann anaitaja kwa sentensi moja tu, na mahali alipoiweka ndipo penye maana: watu wazima wa nyumba ile wako katika fadhaa, mume wa binamu yake Hanno ana kesi mahakamani, na heshima ya ukoo inaning'inia. Katikati ya hayo yote mtoto ana karatasi za kuchana na moyo unaodunda. Kalenda haimpi kitu. Inamshika tu mkono hadi siku yenyewe.

Sasa weka kando yake kalenda iliyozua gumzo kubwa kuliko zote miaka ya karibuni. Mwaka 2021 Chanel, katika kuadhimisha miaka 100 ya manukato yake ya No. 5, ilitoa kalenda yenye umbo la chupa ya manukato hayo, ikiuzwa Marekani kwa dola 825. Ilikuwa na viboksi 27, kuanzia namba 5 hadi 31. Mnunuzi mmoja akaanza kuvifungua kimoja kimoja kwenye TikTok, na mamilioni ya watu wakamtazama akikuta stika, akikuta mfuko mdogo wa kitambaa, akikuta vitu ambavyo mteja hupewa bure akinunua kitu kingine. Watu walikasirika. Walipiga hesabu: ukigawanya, kila kiboksi ni kama dola 30. Stika ya dola 30!

Hasira ile ilikuwa ya haki kwa mteja, lakini ilinifundisha kitu kuhusu utanzu wenyewe. Hakuna aliyemkasirikia mama yake Lang kwa sababu biskuti ilikuwa ndogo, wala Ida kwa sababu karatasi zake zilikuwa tupu. Kalenda zao ziliahidi kitu kilichokuwa nje yake, yaani Krismasi. Kalenda ya Chanel ilijiahidi yenyewe. Ukishakuwa na kidirisha chenye thamani inayohesabika kwa fedha, kungoja kunageuka kuwa mkopo, na kila asubuhi unafungua kuangalia kama umelipwa. Ndiyo maana video za kufungua kalenda huwa hazingoji. Watu wengi hununua Novemba, wanakaa mbele ya kamera na kufungua vidirisha vyote 24 kwa dakika kumi, ili watazamaji wajue kama zinafaa. Hapo kitabu kimesomwa kwa mkupuo. Kilichobaki ni boksi la bidhaa ndogondogo lenye namba juu.

Mnorwe Jostein Gaarder aliliona hilo mapema. Riwaya yake Julemysteriet, iliyotoka 1992, imejengwa kama kalenda: ina sura 24, moja kwa kila siku, na familia nyingi huisoma hivyo. Mvulana aitwaye Joakim anapata kalenda kuukuu ya kutengenezwa kwa mkono, na kila akifungua kidirisha kinadondoka kikaratasi chenye kipande cha hadithi. Hadithi hiyo ni ya msichana Elisabet, anayetoka mbio ndani ya duka kubwa akimfuata mwanakondoo, kisha anakimbia kuvuka Ulaya na kurudi nyuma katika karne hadi Bethlehemu. Ninapenda kwamba safari inaanza kwa mtoto kutoka dukani. Riwaya ina udhaifu wake. Katikati malaika na wachungaji wanaongezeka mpaka unashindwa kuwatofautisha, na mafundisho ya historia yanamlemea msomaji. Lakini imeelewa jambo moja. Mwanzoni Joakim anavificha vikaratasi. Baadaye wazazi wake wanaingia katika siri ile, wanasoma naye, na kuanzia hapo kidirisha kina watu watatu mbele yake. Hadithi haibadiliki sana. Kinachobadilika ni idadi ya wanaongoja.

Kuna pingamizi mbili ninazosikia kila nikizungumzia mambo haya, moja kutoka kwa watu wa kanisa na nyingine kutoka kwa watu wa utamaduni. Ya kwanza inasema Majilio ni majira ya toba na kukesha, na chokoleti za kila asubuhi zinayageuza kuwa sherehe kabla ya sherehe. Ya pili inasema hizi ni mila za Wazungu. Kijana wa Kitanzania mwenye kalenda ya Majilio na pajama za kufanana ameazima sikukuu ya watu.

La pili linanigusa zaidi, kwa hiyo nilijibu. Terence Ranger, mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, alihariri pamoja na Eric Hobsbawm kitabu cha mwaka 1983 kilichoonyesha jinsi mila nyingi zinazodaiwa kuwa za kale zilivyobuniwa juzi tu, Ulaya na Afrika pia. Anayesoma kitabu kile hawezi tena kuikataa mila kwa kosa la kuwa mpya. Mti wa Krismasi ulikuwa mpya mahali fulani. Kwaya yenye sare ilikuwa mpya. Kwetu Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wamisionari wa Kilutheri waliotumwa kutoka jiji hili hili ninaloishi walianza kazi mwaka 1893, na leo hakuna Mmachame Mlutheri anayeiita Krismasi sikukuu ya kuazima. Mila hugeuka kuwa ya watu pale watu wanapoifanyia kazi yao. Swali ni kazi gani.

Na kwetu Krismasi ina kazi moja kubwa. Watanzania wanaijua kwa njia ya utani: kila Desemba Wachaga wanakwenda Moshi kuhesabiwa. Tiketi za mabasi zinakwisha, magari binafsi yanafuatana kupitia Korogwe, Mombo na Same, na anayebaki Dar anaulizwa na majirani kama amefutwa kwenye daftari. Utani ule una ukweli usiotabasamu. Kihambani, chini ya migomba, kuna ndafu na mbege, kuna machalari, kuna watoto waliozaliwa mwaka huo wanaopelekwa kwa bibi awashike. Kuna makaburi ya kupaliliwa. Na kuna hesabu kweli: bibi anauliza mtoto wa nani hajafika, yuko wapi, kwa nini. Ukitajwa na ukakosekana, lazima mtu ajibu kwa niaba yako. Hakuna anayehesabu siku kwa kidirisha. Wewe ndiwe unayehesabiwa.

Ndiyo maana nasema kalenda ya Majilio na Desemba ya kwetu zinafanya kazi mbili tofauti kwa kitenzi kimoja. Moja inakufundisha kuhesabu. Nyingine inakuhesabu. Mtu aliye mbali na watu wake anaweza kufanya la kwanza peke yake chumbani, kwa euro chache. La pili hawezi kujifanyia.

Hapa lazima niitetee kalenda, maana nimeishi nayo. Katika nyumba ninayokaa tuko wanafunzi watano tunaotumia jiko moja. Novemba ya mwaka wangu wa kwanza mmoja wao alitundika kamba jikoni, akaning'iniza mifuko 24 midogo ya kitambaa, tukagawana siku za kujaza. Ni desturi ya kawaida hapa. Kila mmoja aliweka alichoweza: peremende, mbegu za maua, tiketi ya kuchezea bembea ya sokoni. Mimi niliweka buni za Machame zilizokaangwa, za kutosha kikombe kimoja kwa kila mtu. Asubuhi ya tarehe 11, siku yangu ya kufungua, nilikuta kikaratasi tu: leo nitakupikia. Aliyekiandika alikuwa kazini hadi jioni. Nilingoja siku nzima. Alirudi saa nne usiku, amechoka, akapika viazi na mayai, tukala tukiwa tumevaa makoti kwa sababu dirisha la jiko halifungiki vizuri. Kidirisha kile hakikuwa na kitu ndani, kama cha Hanno. Kilikuwa na mtu nyuma yake.

Kwa hiyo ninapohakiki kalenda, kigezo changu cha kwanza si ubora wa kilichomo. Ninauliza: kuna mtu mwingine anayejua leo ni siku gani kwenye kalenda yako? Kwa kigezo hicho, kalenda ya bei nafuu ambayo baba anaijaza usiku watoto wakiwa wamelala inaishinda ya Chanel. Na katika vijiji na mitaa mingi ya Ujerumani kuna ile wanayoiita kalenda hai: kila jioni ya Desemba nyumba moja inapamba dirisha lake, majirani wanakusanyika nje, wanaimba kidogo, wanakunywa kitu cha moto, wanaondoka. Gengenbach, mji mdogo wa Black Forest, jengo la halmashauri lina madirisha 24, na tangu 1996 linafanywa kalenda nzima, dirisha moja kwa siku, umati ukiwa umesimama uwanjani. Hizo ni kalenda ambazo huwezi kuzifungua peke yako.

Lakini hata kalenda nzuri ina kasoro moja kubwa, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Inaishia tarehe 24.

Kwa mwenye familia karibu, ni mwisho sahihi. Kidirisha cha mwisho kinamkabidhi kwa watu. Kwa asiye na watu mji ule, ni mwisho mbaya kuliko zote. Mchana wa tarehe 24 maduka ya Leipzig yanafungwa. Wenzangu wanne walibeba mabegi wakaenda kwa wazazi wao. Tarehe 25 na 26 ni mapumziko, barabara tupu, tramu zinapita zikiwa na mtu mmoja au wawili. Jikoni kulikuwa na kamba na mifuko 24 mitupu. Kwa siku 24 kitu kile kilinipa sababu ya kuamka na jambo la kuzungumza na wenzangu. Siku ambayo ningekihitaji zaidi, kilikuwa kimemaliza kazi yake. Kalenda imeundwa na watu waliokuwa na hakika kwamba mwisho wa hesabu kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna nyumba iliyojaa.

Siku zile ndipo nilipoikumbuka kalenda nyingine, ambayo nilijifunza shuleni bila kuitilia maanani. Waswahili wa pwani, walipoipa miezi ya Kiislamu majina yao, hawakuhesabu kuelekea sikukuu. Walihesabu kutoka kwake. Mwezi wa Shawali, unaofunguliwa na Idi baada ya Ramadhani, ni Mfunguo Mosi. Wengine husema Mfungo Mosi. Unafuata Mfunguo Pili, kisha Mfunguo Tatu wenye Idi ya kuchinja, hadi Mfunguo Sita wa Maulidi na Mfunguo Tisa. Ndipo huja Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Juma letu nalo liko hivyo: siku ya sala ikipita, hesabu inaanza, Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano. Mfunguo ni neno la kufungua, kama kidirisha kile. Tofauti ni kwamba hapa ukishafungua ndipo unapoanza kuhesabu.

Mwanateolojia wa Kenya John Mbiti, katika African Religions and Philosophy ya mwaka 1969, alidai kwamba fikra za jadi za Kiafrika zina nyakati mbili, alizoziita kwa Kiswahili Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haumo. Dai hilo limepingwa na wengi, na mtu wa haraka anaweza kuzichukua Mfunguo hizi tisa kuwa ushahidi wa Mbiti: tazama, hawa wanahesabu kinyumenyume. Mimi nazisoma vingine. Anayesema leo ni Mfunguo Tisa anajua vizuri kwamba Ramadhani inakaribia. Anachokataa ni kuiacha sikukuu iishe siku ile ile ilipofika. Miezi tisa baadaye bado ni mwezi wa tisa tangu tulipofungua pamoja. Aliyekosa Idi ya mwaka huu kwa sababu alikuwa baharini au kazini Muscat hajaachwa nje ya hesabu. Anaingia popote alipo, maana hesabu inaendelea.

Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba Waislamu wengi wanaoishi Ulaya na Marekani sasa wanawanunulia watoto kalenda za Ramadhani zenye vidirisha 30, zenye tende au chokoleti. Ninaelewa kwa nini. Mtoto wa Kiislamu darasani Leipzig anawaona wenzake wakifungua vidirisha Desemba nzima, na mzazi anataka mwezi wake nao uonekane. Kama ningekuwa na rafu ya kuweka mojawapo, ningechagua ile ambayo kidirisha chake cha mwisho kimeandikwa Mfunguo Mosi.

Ujerumani pia kuna waliohisi pengo hilo. Chama kimoja cha Hamburg, Andere Zeiten, kinachapisha kalenda ya maandishi iitwayo Der Andere Advent, iliyoanza kutoka mwaka 1995. Haina chokoleti. Kila siku kuna ukurasa wenye shairi, barua au picha ya kutafakari, na haikomi Krismasi. Inaendelea hadi tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania. Kurasa zake hazilingani kwa ubora. Nyingine ni tamu mno, za kutundikwa ukutani. Lakini uamuzi wa kuvuka tarehe 24 ni wa kihakiki hasa. Unasema kwamba Majilio, neno ambalo ndani yake kuna kuja, hayana maana kama aliyekuja anaachwa mlangoni na karatasi tupu.

Mwaka huu nauli ya kwenda Moshi imenishinda tena. Nimeshawaambia wenzangu wa jikoni kwamba kamba isishushwe tarehe 24. Kabla hawajaondoka kila mmoja atajaza mifuko mitatu: wanne mara tatu ni kumi na mbili, kuanzia tarehe 26 Desemba hadi tarehe 6 Januari, na wanarudi mmoja mmoja katikati ya siku hizo. Hawakuuliza kwa nini. Mmoja aliuliza tu kama mfuko wa kwanza utaandikwa 26 au 1. Nimemwambia aandike mosi. Na mama, nilipompigia simu kumweleza kwamba sitafika, alikaa kimya kidogo, kisha akasema bibi yako atakapouliza, nitakujibia mimi.